Ticha wa piano wa Kirumba, ukweli wangu baada ya miezi mitatu

Wakuu, kwa wanaotafuta pa kujifunza piano huku Mwanza, mi nimepiga miezi mitatu kwa ticha mmoja wa Kirumba na namkubali, ingawa piano yenyewe hana, ana kibodi ya funguo 61 wakati piano kamili inazo 88, so ukizoea hapo siku ukikaa kwenye kubwa mkono wa kushoto unapotea. Noti hakunianzishia kabisa, kaanza na solfa, do re mi zile zile za kwaya, akasema masikio kwanza. Kilichonibamba zaidi ni stori zake za Bagika na Bagalu, yale makundi ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana kuvuta watu, halafu ananipigisha mdundo wa bugobogobo kwa mkono wa kushoto (jamani ule ni mdundo wa jembe, jasho linatoka!). Jumapili moja alinituma Bujora, Kisesa, nikazione ngoma zenyewe makumbusho. Shida umeme ukikata kipindi kimekufa na hela harudishi. Na anachelewa sana, sijui kwa nini.