Nimemaliza Leveli 2 ya ufundi magari, haya ndo maoni yangu kuhusu chuo nilichosoma

Habari wadau. Nimekaa miaka miwili kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Dar, cha binafsi ila kimesajiliwa na mitihani tunafanya ya VETA, mamlaka ya serikali ya ufundi stadi, nimetoka na cheti cha Leveli 2 ufundi wa magari. Jina la chuo silitaji, maana kuna mabaya nitayasema na pale kuna walimu wawili nawaheshimu sana. Kabla ya hapo nilikuwa saidia fundi gereji bubu Tandale miaka minne, kwahiyo spana sijaanza kushikia chuoni, na watu wengi gereji waliniambia unaenda kupoteza hela, utafundishwa nini ambacho hukijui. Hawakuwa sahihi kabisa.

Wiki sita za kwanza hamgusi gari. Mnapewa kipande cha chuma, mnakibana kwenye jiriwa, mnapiga tupa mpaka pande zote zinyooke, mwalimu anakuja na venia anapima, imezidi kidogo tu anakurudisha. Vijana walilalamika sana, wawili wakaacha. Na mi nilikasirika, nilikuja kusoma injini sio useremala wa chuma. Ila tulivyofika kwenye silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika bloku ya injini, ndo nkaelewa, unaweka rula ya chuma juu ya hedi unapitisha fila geji chini yake, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na injini kama ya IST, ile 1NZ, upande unaokutana na bloku hedi ikipinda zaidi ya milimita 0.05 ni ya kupeleka mashineni, hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Sasa kule gereji tulikuwa tunaisugua kwa msasa juu ya kioo tunasema imekaa, gasketi mpya tunafunga, baada ya mwezi mteja anarudi gari imechemsha tena na lawama tunapeleka kwa gasketi kwamba ni feki!

Mwalimu wetu wa injini alikuwa hakuruhusu ufungue nati hata moja kabla hujamwonyesha kipimo kwenye daftari. Umeambiwa gari haina nguvu, haya, kompresheni, yaani presha ya mgandamizo, ya kila silinda ni ngapi, andika. Gari haichaji, haya, betri ikiwa imepumzika ina volti ngapi, injini ikiwaka inakuwa ngapi, andika. Kwa mtu aliyezoea kubadilisha spea mpaka tatizo liondoke hii kitu inauma mwanzoni, unajiona unacheleweshwa, ila ndo kitu kikubwa kuliko vyote nilichopata pale na ada yangu yote naihesabu imeenda hapo.

Mfano themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Hapa kwetu mafundi wengi wakiona gari imechemsha cha kwanza wanatoa themostati wanatupa, wanakwambia hii ni ya nchi za baridi Dar kuna joto haina kazi. Na mimi nimezitoa nyingi sana, sijui hata idadi. Chuoni mwalimu alileta sufuria na jiko la umeme, akatumbukiza themostati kwenye maji na kipimajoto pembeni, tukazunguka wote tunaangalia. Kwenye nyuzi 70 kimya. Ilivyofika kama 82 ule mdomo ukaanza kufunguka taratibu na ilivyokaribia 95 ukawa wazi kabisa. Akaleta nyingine imetoka kwenye gari iliyochemsha, maji yakatokota na ile ikabaki imefunga. Akasema unaona, kilichoharibika ni hiki kimoja sio themostati zote duniani. Ukiitoa, gari ikiwa barabarani inatembea na upepo injini haifiki joto lake, sensa ya joto inaiambia kompyuta injini bado baridi, kompyuta inaongeza mafuta muda wote, unakula mafuta na oili inachafuka haraka. Na kuna injini ambazo themostati ikifunguka inaziba na ile njia ya pembeni, sasa ukiitoa maji mengine yanazunguka bila kupita kwenye rejeta na kwenye foleni gari inachemsha zaidi ya mwanzo. Yaani unamtibu mtu kwa kumuongezea ugonjwa.

Nilivyoenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo gereji, alikuja dereva wa abiria wa mtandaoni na IST yake analalamika inakula mafuta, keshabadilisha plagi keshasafisha nozeli, nkaangalia joto kwenye skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, likaganda chini ya 70 wakati katoka Mbezi hadi Ubungo, nkamwambia kaka hii themostati imetolewa. Tukafunga mpya na kulanti, maji maalum ya kupoza injini, badala ya maji ya bomba. Wiki mbili baadae akanipigia mwenyewe kushukuru, na mpaka leo ananiletea wateja.

Umeme wa magari ndo somo lililonifungua macho. Betri nzima iliyopumzika isome kama 12.6, injini ikiwaka uone kati ya 13.8 na 14.5 hivi, hapo alteneta, ile inayochaji betri, inafanya kazi. Kuna dada alikuwa na Raum betri inaisha kila usiku, alishanunua betri mbili mpya kwa ushauri wa mafundi. Nkazima kila kitu, nkasubiri kompyuta zilale, nkaweka malitimita, kipimo cha umeme, katikati ya waya wa hasi na betri, ikasoma ampia 0.4 wakati gari iliyolala isizidi kama 0.05, nkaanza kutoa fyuzi moja moja, ya redio ilivyotoka namba ikashuka. Redio ilifungwa vibaya dukani. Kazi ya nusu saa, na yule dada alikaribia kulia akikumbuka hela za zile betri.

Haya sasa mabaya. Tulikuwa darasa la watu 38, wasichana watatu, na skana ilikuwa MOJA. Mwalimu anaishika, sisi tunachungulia kwa mabega. Mimi nilijinunulia kale kadude kadogo ka bluetooth Kariakoo, na kwenye magari ya Japani ya miaka ya zamani mara nyingi kanagoma kusoma, inabidi skana inayojua mifumo yao. Injini za kujifunzia zilikuwa za Toyota za zamani, 5K ya kabureta na 2L ya dizeli, nzuri kwa kujua misingi, naapa nimeielewa kabureta vizuri, ila nje getini magari yanayopita ni Vitz, IST, Crown, X-Trail. Gia boksi za CVT, zile otomatiki za mkanda zisizo na gia za hatua, tumezisoma ubaoni tu, na huku mtaani watu wanaua CVT kila siku kwa kuwekewa oili ya gia boksi ya kawaida ya otomatiki. Haibriti, gari ya injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, hatujaiona kabisa. Prius ile ya kizazi cha pili betri yake kubwa ina volti 201.6, zile waya za rangi ya chungwa zinaua mtu, na mwanafunzi anatoka na cheti hajui hata kwamba kuna plagi ya usalama ya kuchomoa kwanza na glavu maalum za kuvaa. Hili limenisumbua moyo sana na nimelisema chuoni uso kwa uso. Na gesi asilia pia, Dar bajaji na magari yanafungwa mitungi kila siku, ile gesi inajazwa kwa presha kama ya baa 200, na sisi tukaambiwa hiyo haipo kwenye ratiba.

Fildi wanakuambia chuo kitakutafutia. Hakitafuti. Tafuta mwenyewe mapema, miezi mitatu kabla, na ulizia kabisa utafanya nini maana rafiki yangu aliosha magari na kuchota maji wiki nne.

Mzazi au kijana unayetaka kulipa chuo chochote cha ufundi magari, nenda siku ya kazi sio siku ya maonyesho, omba uingie karakana, hesabu injini zinazowaka na sio zilizopo, uliza skana ngapi kwa wanafunzi wangapi, angalia mikono ya wanafunzi kama ina grisi, halafu zungumza na wa mwaka wa pili bila mwalimu kuwepo. Ada yangu ilikuwa laki nane na nusu kwa mwaka, hapo bado ovaroli, viatu vya chuma, na vifaa vyako, na malitimita nzuri nunua usiazime. Ukiwa gereji miaka mingi na huwezi kuacha kazi, VETA wana urasimishaji, unapimwa ujuzi ulionao unapewa cheti, fundi wangu wa Tandale mwenye tredi testi, cheti cha ufundi cha mfumo wa zamani, nimemwambia awapeleke vijana wake na wawili wameshachukua fomu.

Chuo changu nakipa nyota 3 na nusu. Walimu 5, vifaa 2. Mimi narudi kwa Leveli 3, ila chuo kingine ambacho nimeona kwa macho yangu injini ya Aqua, haibriti ya Toyota, imefunguliwa mezani na skana nne, nusu ya ada nishalipa.