Intafesi ya Kununua Unaporudi Kutengeneza Muziki: Pima Kuchelewa kwa Sauti Kwanza

Malalamiko ya watu wanaorudi kwenye muziki baada ya miaka ishirini au thelathini yanafanana sana. Mtu ameweka studio nyumbani, amenunua kompyuta yenye nguvu, maiki nzuri na intafesi (kifaa kinachounganisha maiki na ala na kompyuta) inayosifiwa kila mahali. Akianza kuimba, sauti yake inamrudia masikioni ikiwa imechelewa. Anaburuta maneno, kinanda kinabaki nyuma ya ngoma, na anaamini umri umemwondolea mwendo. Mara nyingi umri hauhusiki hata kidogo. Tatizo liko kwenye intafesi, hasa kwenye draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kuzungumza na kompyuta, na hakuna muuzaji aliyemtajia jambo hilo.

Walioanza na Portastudio, ile mashine ya kaseti yenye njia nne iliyotoka mwaka 1979, hawakukutana na shida hii. Umeme wa maiki ulipita kwenye miksa na kufika kwenye hedifoni papo hapo. Hata waliotumia Atari ST ya mwaka 1985, yenye matundu ya MIDI (lugha ya amri za noti kati ya vifaa vya muziki) mwilini mwake, kompyuta yao ilituma amri za noti tu. Sauti ilizaliwa ndani ya kinanda chenyewe. Leo sauti inageuzwa kuwa namba, inasubiri kwenye bafa (hifadhi ya muda), inapita kwenye programu, inasubiri tena, kisha inageuzwa kuwa umeme. Aliyezoea kusikia papo hapo huudhika haraka kuliko kijana asiyejua hali nyingine.

Kwa hiyo intafesi ninazozipendekeza hapa chini nazipanga kwa kuangalia kwanza kuchelewa kwake. Sitapoteza muda kwenye biti 24 na kHz 192, vile vipimo vya ubora wa sauti ya kidijiti. Karibu zote zina biti 24, na kHz 48 inatosha kabisa kwa kazi ya nyumbani.

Hesabu ambayo boksi haikupi

Bafa hupimwa kwa sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti iliyogeuzwa kuwa namba; kHz 48 ni sampuli 48,000 kwa sekunde. Sampuli 128 kwa kHz 48 ni milisekunde 2.7. Sauti husubiri hivyo ikiingia na ikitoka, kwa hiyo tayari ni 5.3. Ongeza kama milisekunde moja au zaidi ya vigeuzi, vinavyogeuza umeme kuwa namba na namba kuwa umeme, halafu ongeza bafa ya siri ambayo draiva nyingi huficha ili sauti isikatike. Hapo ndipo intafesi zinapotofautiana. Mbili zikiwekwa kwenye 128 zilezile, moja inaweza kutoa milisekunde 7 na nyingine 14, na skrini isikuonyeshe lolote.

Kwa anayeimba na hedifoni, lengo langu ni chini ya milisekunde 8. Anayepiga vinanda vya programu, ambavyo sauti yake hutengenezwa ndani ya kompyuta, anaweza kuvumilia 10, kwa kuwa kwake bafa ya kutoka ndiyo yenye uzito. Anayepiga gita kupitia amplifaya ya programu atahisi kidole kizito kuanzia hapo. Mwimbaji ana mzigo wa ziada: anasikia sauti yake kupitia mifupa ya kichwa bila kuchelewa, na ile ya hedifoni ikija nyuma kidogo, mbili hizo zinagongana na kula baadhi ya masafa. Ndiyo maana wengi husema sauti yao ni nyembamba au iko ndani ya bomba, wakaanza kulaumu maiki na kununua nyingine.

Kisha kuna maneno yanayonikera kuliko yote: "kuchelewa sifuri", yaliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi. Maana yake ni swichi inayopeleka maiki moja kwa moja kwenye hedifoni kabla ya kufika kwenye kompyuta. Swichi hiyo ni nzuri, na kila intafesi iwe nayo. Lakini haisaidii kinanda cha programu, haisaidii amplifaya ya gita ya programu, na inamwachia mwimbaji sauti kavu isiyo na mwangwi. Ukisahau kuzima usikilizaji ndani ya programu ya kurekodi, unasikia sauti mbili zikifuatana. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba swichi hiyo imemaliza suala la kuchelewa anamdanganya, na mteja aliyekaa mbali na studio miaka mingi hana namna ya kujua.

1. RME Babyface Pro FS

Naipendelea waziwazi. RME huandika draiva zao kwa umakini ambao sijauona kwingine katika vifaa vya mezani. Kwa bafa ya 64 na kHz 48, mzunguko mzima, tangu sauti kuingia hadi kutoka, hubaki chini ya milisekunde 6, na programu ya kurekodi hupewa kipimo cha kweli, hivyo ulichorekodi hukaa mahali pake. Programu yake ya TotalMix FX hukuwezesha kumtengenezea mwimbaji mchanganyiko wake wa hedifoni, pamoja na mwangwi, bila sauti yake kavu kuzunguka kwenye kompyuta. Ina matundu mawili ya hedifoni, moja likifaa zile za ohm 250 ambazo intafesi nyingi hushindwa kuzisukuma.

Sababu nyingine kubwa ni umri wa kifaa. RME huendelea kutoa draiva kwa vifaa vyao vya zamani muda mrefu baada ya kuacha kuviuza. Anayerudi kwenye muziki hataki kununua tena baada ya miaka minne. Bei ni kubwa, lakini iliyotumika ni ununuzi salama. Kagua mambo mawili: kebo ya matawi inayobeba MIDI iwepo, na matundu ya XLR (ya plagi za maiki) yasiwe yamelegea.

TotalMix inachosha mwanzoni. Ina safu tatu: sauti zinazoingia, zinazotoka kwenye programu, na matundu ya kutokea. Chagua kwanza tundu la kutokea kwenye safu ya chini, kisha panga viwango kwenye safu mbili za juu. Hapo kila kitu kinaeleweka.

2. MOTU M2, au M4

Kama bei ya RME haiwezekani, nunua hii bila kusitasita. MOTU hutangaza kuchelewa kwake pamoja na masharti yake: milisekunde 2.5 kwa kHz 96 na bafa ya sampuli 32. Kampuni inayotaja bafa na kHz pamoja na namba yake inastahili heshima. Ina skrini ya viwango inayosomeka vizuri, jambo zuri kwa macho yasiyoona tena taa ndogo, na matundu ya MIDI ya pini tano nyuma. Kinanda chenye MIDI cha miaka ya 1980 kilichohifadhiwa kabatini kitaingia moja kwa moja, kwa sababu MIDI ya mwaka 1983 bado inaelewana na ya leo. M4 inakufaa ukitaka vinanda viwili vya nje vya stereo viingie kwa wakati mmoja.

3. Universal Audio Apollo Solo

Kwa mwimbaji anayetaka kusikia kompresa (kisawazisha nguvu ya sauti) na mwangwi mzuri anaporekodi, hii hufanya kazi hiyo ndani ya kifaa, chini ya milisekunde 2. Lakini kinanda cha programu bado kinapita kwenye bafa ya kawaida, chipu yake moja ya kuchakata sauti hujaa haraka, na programu jalizi (za athari za sauti) nyingi hununuliwa kando. Angalia sana toleo: la Thunderbolt na la USB (aina mbili za muunganisho) ni vifaa tofauti, na la USB ni la Windows tu. Watu wengi wameuziwa lisilo lao.

4. Focusrite Scarlett 2i2, kizazi cha 4

Ina nguvu ya kukuza sauti ya maiki ya hadi desibeli 69, inatosha kwa maiki za dainamiki zenye sauti ndogo. Ila kwenye Windows kuchelewa kwake kunazidi kwa MOTU kwa bafa ileile, na haina tundu la MIDI. Inauzwa kwa wingi kwa sababu inajulikana.

Za bei ya chini

Behringer UMC204HD, kwa kuwa ina draiva yake ya ASIO (aina ya draiva ya Windows inayopunguza kuchelewa) na MIDI. Iruke UMC22, maana kwenye Windows inategemea draiva ya jumla. Intafesi za FireWire, muunganisho wa zamani, zilizobaki kabatini ziache huko.

Pima kabla muda wa kurudisha haujaisha

Unahitaji kebo moja ya inchi robo na programu ya bure ya kupima kuchelewa iitwayo RTL Utility. Zima umeme wa volti 48 unaopelekwa kwenye maiki, zima swichi ya usikilizaji wa moja kwa moja, punguza spika hadi chini kabisa. Unganisha tundu la kutokea 1 na la kuingilia 1, liwe kwenye hali ya laini (line), si ya maiki. Pima kwa bafa ya 64, 128 na 256. Programu itakuonyesha namba mbili: iliyoripotiwa na draiva na iliyopimwa. Zikitofautiana kwa sampuli 100 kwa kHz 48, kila unachorekodi kitakaa milisekunde 2 nje ya mahali pake. Tofauti hiyo irekebishe kwenye mipangilio ya programu ya kurekodi.

Sauti ikikatika-katika kwenye 128, usiilaumu intafesi mara moja. Itoe kwenye kigawanyio cha USB na uichomeke kwenye kompyuta yenyewe, zima Wi-Fi, weka kompyuta kwenye hali ya nguvu kamili, na zuia Windows kulaza matundu ya USB. Usipime wala kurekodi kwa hedifoni za Bluetooth, kwani zenyewe mara nyingi huongeza milisekunde mia moja na zaidi. Baada ya hayo yote, ikiwa bado inahitaji 512 ili itulie, huo ni mzunguko wa zaidi ya milisekunde 21. Irudishe.