Wasifu wa Kazini wa Android: Simu Moja, Sehemu Mbili

Kwa biashara ambayo wafanyakazi wake hutumia simu zao binafsi kuwahudumia wateja, wasifu wa kazini (yaani sehemu ya simu iliyotengwa kwa ajili ya kazi pekee), uliokuja na toleo la Android 5.0, ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita. Programu za kazi, ambazo hutambulika kwa alama ndogo ya mkoba, hukaa pamoja na data zake katika sehemu ya pekee, hivyo mfanyakazi anapoacha kazi msimamizi hufuta sehemu hiyo tu, huku picha na ujumbe wa familia vikibaki salama. Msimamizi haoni picha wala ujumbe huo, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo linalowafanya watu wakubali kusajili simu zao bila kinyongo. Mwenye simu anaweza pia kuusitisha wasifu baada ya saa za kazi, jambo ninalolithamini sana.

Hata hivyo, amri ya kufuta haitekelezwi mpaka simu iunganishwe na intaneti, na programu zinazorudiwa katika sehemu zote mbili hulemea simu zenye hifadhi ndogo. Aidha, biashara itahitaji mfumo wa kusimamia simu hizo, kama Microsoft Intune, ambao kwa kawaida hulipiwa kwa kila mtumiaji.