Luau ya Oahu, na mama anayemtafuta mwenye shughuli

Langoni tu pa luau, karamu ya Kihawaii ya chakula na ngoma, kisiwani Oahu, kabla hata tiketi hazijakaguliwa, mama akaniuliza: "Shughuli ya nani hii?" Nikamwambia si ya mtu, mama, ni ya wageni wote. Akanitazama kama niliyemwambia kuna harusi isiyo na bibi harusi. Hatua kumi mbele, tumeshavishwa makoja ya kauri na tumepangwa kupigwa picha, akarudia: "Basi tunamtunza nani?"

Mama yangu ni mtu wa Ngamiani, Tanga. Alikuja kutusalimia Seattle mwezi Juni, na mume wangu akasema mwaka huu likizo twende Hawaii, ndege saa sita tu, mama naye akaone bahari ya upande wa pili. Tulikuwa watano: sisi wawili, mama, binti yangu wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 7. Watu wazima dola 155 kila mmoja, watoto 115. Hesabu mwenyewe: 695 kabla ya kodi. Na hivyo ni viti vya bei ya chini, nyuma, ambako mimi nilitazama nusu ya ngoma na nusu ya nguzo ya taa. Ile picha ya langoni walitaka kutuuzia dola 40 wakati wa kutoka. Tuliiacha. Jina la mahali silitaji, maana nasikia karibu zote mtindo ni huo huo.

Chaguo letu la kwanza lilikuwa Polynesian Cultural Center, kituo cha utamaduni wa visiwa vya Pasifiki, kule Laie. Kipo tangu 1963, kinaendeshwa na kanisa la Wamormoni, na pombe haiuzwi kabisa, jambo zuri ukiwa na mzazi wa Kiislamu. Lakini kutoka Waikiki, kwenye hoteli za ufukweni, ni mwendo wa saa nzima na zaidi, na magoti ya mama hayataki basi. Tukachukua ya karibu.

Nianze na kilichotufurahisha. Kabla ya chakula kuna saa moja hivi ya michezo: kurusha mkuki, kubingirisha jiwe la mviringo lipite katikati ya vijiti viwili (wanaita ulu maika, mwanangu hakutaka kubanduka hapo), kusuka bangili za majani. Ufukweni wameegesha mtumbwi wao, wa'a. Mama akauzunguka. "Hii si ngalawa? Mbona ina tengo moja, la pili limekwenda wapi?" Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Faiba." Akaondoka zake. Mume wangu ndiye aliyebaki akimweleza binti yetu kwamba ngalawa zetu na mitumbwi ile ni ukoo mmoja, kwamba mabaharia wa visiwa vya Asia walisambaza matengo hayo huku hadi Hawaii na kule hadi Madagaska na pwani yetu. Mtoto akauliza kama atapewa soda.

Pembeni, chini ya mnazi, alikaa mwanamke wa makamo anasuka kofia za makuti mabichi. Huko kila mwanamke aliyekuzidi umri ni "anti", hata kama humjui, na sisi tukamwita anti. Mama akasimama pale muda mrefu, mikono nyuma. Mara nikamwona amevuta kiti, ameokota kuti lililobaki, amelipasua uti kwa kucha na ameanza kusuka. Neno moja hakuna kati yao. Anti akaacha kofia yake akawa anatazama zile ncha zinavyopishana, juu, chini, juu, mpaka mama akafunga pindo na kumkabidhi: pakacha. Pakacha la sokoni kabisa, la kubebea embe. Yule anti aliligeuza chini juu, akatafuta mama amemalizia wapi, akacheka kwa sauti. Kisha akamwonyesha namna yao ya kufunga, ambayo ni tofauti kidogo. Kama ningelipia robo saa ile peke yake, nisingedai chenji.

Hapo ndipo mama akapata jibu la swali lake, mimi nikitafsiri. Anti akasema kwao luau ya kweli ina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe hajui hata kutembea: ni mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Ukoo mzima unapika siku kadhaa. Mama akatingisha kichwa kwa kuridhika. "Sasa hiyo ndiyo shughuli. Hii ni maonyesho."

Chakula. Kitovu cha luau ni nguruwe aliyefukiwa kwenye imu, tanuri la shimoni: mawe yanachomwa mpaka yawake, yanafunikwa vigogo vya mgomba vilivyopondwa na majani, anawekwa mnyama, anafunikwa tena, anaachwa kwa mvuke saa nyingi. Mume wangu, aliyekulia Muscat, alipoona tu udongo unafukuliwa akasema hii ni shuwa, ile nyama ya Kiomani inayofukiwa shimoni. Na kweli, ukiondoa mnyama mwenyewe, ni shuwa ya Idi bila viungo. Mama aligeuza kiti akatazama bahari mpaka shughuli ya shimoni ilipoisha. Mjukuu wake wa miaka 7 alikuwa mstari wa mbele, simu ya baba yake juu.

Kwa Waislamu wenzangu: pigeni simu mapema. Sisi tulisema wiki moja kabla kwamba nguruwe hatuli na kuku tunamwacha, na ninawapa haki yao, hawakutusahau. Kwenye meza ya kujipakulia koleo zinahama kutoka sinia hadi sinia, hivyo kijana wa jikoni alituletea sahani za samaki moja kwa moja, zimefunikwa, bila kutufanya tujione wasumbufu. Samaki mwenyewe alikuwa mkavu, na wali ulikuwa wali tu.

Poi watu wengi wanaikosea adabu. Ni magimbi yaliyochemshwa, yakapondwa, yakalainishwa kwa maji. Ikilala siku mbili tatu inachachuka. Wazungu wa meza ya jirani walionja kijiko kitupu wakakunja uso. Poi hailiwi peke yake, kama ugali usivyoliwa peke yake. Chovya kidole, fuatisha lomi, ile samoni ya chumvi iliyochanganywa na nyanya na vitunguu, utaelewa. Mama alimaliza kibakuli chake na cha binti yangu. Walitupa kidogo mno, vibakuli vya mdoli. Haupia, vipande vyeupe vya tui lililogandishwa, ilimkumbusha uji wa uwanga. Hapo alinyamaza kidogo.

Ngoma zilianza jua likizama. Hula ya zamani, ngoma ya Wahawaii wenyewe, ile ya kibuyu na sauti ya mghani, ilikuwa fupi kuliko nilivyotaka, dakika kumi labda, na ndiyo pekee iliyonisimamisha nywele. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Ya viuno vinavyotikisika kama mashine ni ya Tahiti. Mama akasema "chakacha" na akaanza kupiga makofi kwa mdundo wake. Ya visu vya moto ni ya Samoa. Mshereheshaji alilisema hilo mara moja, haraka haraka, katikati ya mzaha, na nina hakika nusu ya waliokuwepo waliondoka wakidhani moto ule ni wa Hawaii. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko nguzo ya taa. Ni kama umwite mgeni Tanga, umchezee sindimba, umwambie karibu pwani.

Nyota tatu. Zingekuwa mbili bila anti na yule kijana wa jikoni.

Mkitaka chakula chenyewe, nendeni Helena's Hawaiian Food, North School Street, Honolulu. Wapo tangu 1946, hapana jukwaa, hapana koja. Tulikwenda kesho yake mchana. Agizeni "squid luau": ngisi aliyepikwa na majani ya magimbi kwa tui la nazi mpaka majani yakavurugika. Sherehe yenyewe imepata jina kutokana na majani hayo. Kwa dola zisizofika hata theluthi ya tiketi moja, mama alikula, akafuta bakuli, akasema kitu hiki kinakosa pilipili tu.

Kutoka hapo tukapitia Maunakea Street, kwenye maduka ya makoja ya maua. Mama alikuwa anapita tu, mara akasimama ghafla, pua juu. Akarudi nyuma maduka mawili. Mwenye duka akamwambia haya ni pikake. Mama akaniambia huyo asinidanganye, haya ni asumini, vikuba nimefunga miaka mingapi mimi. Akachagua koja moja kwa kunusa, si kwa kutazama, akalipa mwenyewe. Usiku alilivunja, akatandaza maua kwenye mto wake wa hotelini, na chumba kizima kikanukia nyumbani kwetu Ngamiani.