Kaskazi na Vyungu vya Roshani: Ununue Nini Kwanza

Mwasumini wangu wa kwanza haukufa kwa kiu. Nilikuwa nikiumwagilia asubuhi na jioni. Nilipoung'oa kwenye ndoo nyeusi ya plastiki, mizizi ya upande wa jua la alasiri ilikuwa ya kahawia, laini kama mchicha uliochemshwa. Ile ya upande wa ukutani ingali myeupe. Ulikuwa umepikwa.

Binamu yangu aliyeko Uingereza hufunga vyungu vyake kwa magunia kila Desemba, mizizi isigande kwa baridi. Nilikuwa nikimcheka, kumbe shida yetu ni moja. Mmea wa ardhini umezungukwa na udongo pande zote. Wa chungu una ukuta mwembamba tu kati ya mzizi na hewa ya nje. Kule hupenya baridi, huku Mombasa joto.

Kaskazi, upepo wetu wa msimu wa joto utokao kaskazini-mashariki, huvuma tangu Desemba hadi Machi, masika bado. Nimevipanga vitu vya kununua kwa faida, si kwa urembo.

Namba moja ni neti ya kivuli, na hapa usibane mkono. Huuzwa kwa mita, na kila aina ina asilimia yake ya kivuli. Chukua ya 50. Ile ya 80 muuzaji ataisifu kuwa nzito, lakini mwasumini na mwaridi chini yake huota majani matupu, maua huyaoni. Kabla ya kununua, simama roshani saa saba mchana ujue jua linaingilia wapi. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Desemba na Januari jua la mchana huegemea kusini: roshani iliyokuwa na kivuli mwezi wa Julai sasa inaungua. Inayoelekea magharibi ndiyo mbaya zaidi, jua la alasiri huipiga mpaka lizame. Pinda kingo za neti uzishone kabla ya kuifunga, la sivyo upepo utaichana wiki ya kwanza. Iache juu ya mimea kiasi cha mkono mmoja, hewa ipite.

Namba mbili, makumbi ya nazi. Wafuaji wa nazi wengine watakupa bure ukija na gunia lako. Yachambue, tandaza unene wa vidole vitatu juu ya udongo, na unyevu utakaobaki jioni utaushangaa. Ila yaloweke kwanza kwenye maji matamu siku moja, umwage, urudie. Makumbi huja na chumvi yake.

Na chumvi ndiyo adui wa pili hapa kwetu. Ukimwagilia maji ya kisima, utaona ukoko mweupe ukingoni mwa chungu. Kila baada ya wiki mbili nunua mtungi mmoja wa lita 20 wa maji matamu, umimine polepole mpaka yatoke chini.

Namba tatu, chungu cha udongo. Hupumua, na maji yanayotoka ukutani mwake huupoza mzizi kama mtungi wa kunywea. Lakini hukauka upesi, na ni mzigo kukipandisha ngazi. Kigonge kwa kidole kabla ya kulipa: kikilia wazi, kizima, kikilia kama kimeziba, kina ufa. Angalia pia tundu la chini, vingine havina. Ndoo nyeusi ulizonazo usizitupe. Zivike gunia, kama afanyavyo binamu yangu, au uzitie ndani ya chungu kikubwa na makumbi katikati.

Mirija ya kudondosha maji sipendekezi kwa mwenye kisima: vitundu huziba kwa chumvi. Na sahani za chini ya vyungu ziko mwisho kabisa. Maji yakilala humo wiki moja hivi, mbu wa dengi ameshazaa, na mji huu uliionja dengi mwaka 2013 na tena 2017. Ukilazimika, ijaze mchanga.

Nunua Novemba, kabla watu hawajaona majani yakikunjamana.

Mwasumini wangu wa pili uko chini ya neti, umevaa gunia. Shangazi huja kila Alhamisi jioni kuchuma asumini za vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, na lawama yake siku hizi ni moja tu: neti inamnasa mtandio.