Kupima mishipa ya miguu ukiwa na kisukari: uzoefu wangu Kisumu

Kipimo hiki kinalinganisha presha ya kifundo cha mguu na presha ya mkono. Nilikifanya katika kliniki moja ya kibinafsi hapa Kisumu na ninakipendekeza, hasa kwa mwanamke mwenye kisukari, mradi ajue kinavyotakiwa kufanywa. Hakuna sindano wala kukaa na njaa, na nusu saa inatosha. Kikifanywa mbiombio, kinaweza kukwambia uko sawa na huku mshipa umeshaanza kuziba.

Utaratibu ni huu. Unalala chali na kutulia dakika 5 hadi 10. Mkanda wa presha unafungwa mikono yote miwili, kisha vifundo vyote viwili. Kwenye mguu nesi anapaka jeli na kutafuta mpigo kwa dopla, kifaa kama kalamu nene kinachotoa sauti ya damu inavyopita. Anatafuta sehemu mbili: nyuma ya kifundo upande wa ndani, na juu ya mguu pale zinapopita kamba za kiatu. Namba kubwa ya kila mguu inagawanywa kwa namba kubwa ya mikono. Kuanzia 1.00 hadi 1.40 ni kawaida, 0.91 hadi 0.99 ni mpakani, 0.90 kushuka chini mshipa umeziba kiasi.

Sasa kasoro. Nesi alipima mkono wa kushoto pekee, akapata 132. Mguu wa kulia ulisoma 124. Gawanya, unapata 0.94, naye akaandika “sawa”. Niliomba apime na mkono wa kulia: 138. Hesabu ileile ikawa 0.90. Mguu haukubadilika, ila jibu limetoka mpakani likaingia kwenye ugonjwa. Alirudia bila kubishana, na hilo ninamshukuru kwa dhati. Pia walitaka kuanza mara tu baada ya kupanda ngazi. Usikubali: mwenye mshipa ulioziba, presha ya kifundo hushuka akitoka kutembea, na kipimo hiki ni cha mtu aliyepumzika.

Kilichonisumbua zaidi ni fomu. Swali la dalili lilikuwa moja tu: je, misuli ya nyuma ya mguu inauma ukitembea na kuacha ukisimama? Wanawake wengi wenye mishipa iliyoziba hawana maumivu hayo. Wanasema miguu mizito, wanachoka upesi, au wamepunguza mwendo bila kujua, na jamaa wanadhani ni umri. Hakuna aliyeuliza kama hedhi imekoma, wala kama niliwahi kupata sukari au presha wakati wa ujauzito, ilhali yote mawili yanaongeza hatari ya moyo miaka mingi baada ya kujifungua.

Kwa nini jinsia ina uzito hapa? Kabla ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni husaidia utando wa ndani wa mshipa kutoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa ili damu ipite vizuri. Sukari nyingi inaudhoofisha utando huohuo, kwa hiyo ile kinga ya mwanamke inapungua sana. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014, uliojumlisha watu zaidi ya 850,000, ulionyesha kwamba kisukari kinazidisha hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu mara 2.8 kwa wanawake na mara 2.2 kwa wanaume, kila mmoja akilinganishwa na wa jinsia yake asiye na kisukari. Wanawake pia huwa wameongeza uzito mwingi zaidi kufikia siku wanapogunduliwa, maana yake mishipa imeshaumia kwa muda mrefu. Wanaume wasijipe moyo: vidonda vya miguu na kukatwa mguu vinawapata wao zaidi.

Ukisoma zaidi ya 1.40 usishangilie. Kisukari cha muda mrefu hujaza chokaa kwenye ukuta wa ateri hadi mkanda unashindwa kuibana, na namba inapanda kwa uongo. Hapo dai presha ya kidole gumba cha mguu, ambacho mishipa yake haigandi chokaa kwa urahisi. Nayo inagawanywa kwa presha ya mkono, na jibu likiwa chini ya 0.70 ni tatizo. Kliniki hii haikuwa na mkanda mdogo wa kidole, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia.

Vaa leso au sketi pana, suruali ya kubana inakawiza kazi. Usivute sigara kwa muda wa saa mbili kabla ya kipimo, wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Mkono mnene unahitaji mkanda mkubwa. Ule mdogo husoma presha juu kuliko ilivyo, na hesabu yote inaharibika. Omba karatasi yenye namba zote sita, mbili za mikono na nne za miguu, siyo neno “sawa” peke yake. Ukiwa 0.90 au chini, muulize daktari kuhusu dawa ya kushusha kolesteroli, kwa kuwa wanawake huandikiwa mara chache kuliko wanaume, na mwambie mapema kama unapanga kushika mimba.