TAHADHARI: Umenunua matairi ya mtumba, gari likaanza kuunguruma, ukaambiwa "beringi imekufa"? Usitoe hela kwanza

Wakuu, habari za leo.

Kuna mchezo unachezwa hapa Dar kwa wenye magari madogo, na nimeona nikinyamaza watu wataendelea kuumizwa. Unachezwa na watu wawili: muuza matairi ya mtumba na fundi anayemtumia wateja. Muuzaji anakuuzia matairi yanayounguruma. Ukirudi kulalamika anakupeleka kwa fundi, fundi anakubadilishia beringi (kile chuma chenye gololi kinacholifanya gurudumu lizunguke kwa wepesi) ambazo hazikuwa na tatizo. Umetoa hela mara mbili, mvumo uko palepale, na bado unatembelea matairi ambayo hayakupaswa kuwa barabarani.

Safari hii aliyepigwa ni dada yangu. Ana Toyota IST, alikuwa anajiandaa kwenda Morogoro na watoto, akaona abadilishe matairi kabla ya safari. Akanunua manne, saizi 185/65R15, kwa 60,000 kila moja. Akafungiwa, akawekewa upepo, balansi akafanyiwa bure. Matairi yanang'aa, meusi tii, mifereji imekwenda chini vizuri. "Dada, huu mtumba wa Japani namba moja, haya utayasahau," ndivyo alivyoambiwa.

Mjini hakusikia kitu, maana kwa foleni zetu ni nani anayefika spidi ya kusikia kitu? Alipopita Kibaha, mshale ulipovuka 60, gari likaanza kuvuma kutoka chini. Kadiri anavyoongeza mwendo nalo linaongeza sauti, mpaka watoto nyuma wanaongea kwa kupaza sauti. Akaenda hivyo hivyo, akarudi hivyo hivyo.

Aliporudi kwa muuzaji, yule bwana hakuyagusa matairi yake. Alichuchumaa, akatikisa tairi la mbele mara moja, akasimama. "Matairi hayana shida. Hiyo beringi. Nenda kwa kijana wangu pale, mwambie nimekutuma mimi." Kijana naye akalisogeza gari kidogo, akatoa hukumu: "Beringi ya kushoto imekufa dada, ukitembea nayo hivi tairi litachomoka njiani." Mama anayebeba watoto kila asubuhi akiambiwa maneno hayo atatoa tu. Akatoa 90,000, beringi na ufundi. Mvumo haukupungua hata kidogo. Akarudi. Sasa akaambiwa eti ya kushoto imepona, ndiyo maana ya kulia inasikika. 90,000 nyingine. Mvumo vilevile.

Hapo ndipo akanipigia. Mimi kazi yangu ni kuendesha, na magari nimeyafungua vya kutosha. Nilipofika sikuomba spana wala jeki. Nilipitisha kiganja juu ya tairi la mbele.

Hili kila mmoja wenu anaweza kulifanya leo, gari likiwa limesimama na tairi limepoa. Pitisha kiganja taratibu juu ya kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) kuelekea mbele, kisha kirudishe nyuma. Halafu kipitishe kwa upana, kutoka bega la ndani kwenda la nje, na kurudi. Tairi zima linakuwa laini pande zote. Lenye tatizo litakwambia lenyewe: ukienda huku ni laini, ukirudi huku kingo zinakukwaruza kama meno ya msumeno. Au unakuta kashata moja imesimama, inayofuata imelika, mabonde mabonde kuzunguka tairi lote. Tairi la namna hiyo likizunguka, kila ukingo unaipiga lami kivyake. Kwa mwendo mdogo husikii, mwendo ukipanda makofi hayo yanaungana na kuwa mvumo mmoja, na unafanana mno na mvumo wa beringi. Ndiyo maana uongo huu unauzika.

Mabonde hayo yanatokana na shokapu zilizochoka, balansi mbovu, au matairi kukaa sehemu moja muda mrefu bila kuhamishwa, hasa ya nyuma kwenye magari yanayovutwa na miguu ya mbele. Kingo za kukwaruza mara nyingi ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka yanavyotakiwa. Sasa fikirini: mtumba huu ulivuliwa kwenye gari la mtu huko ulikotoka. Mengine yalivuliwa kwa sababu hiyohiyo, yalikuwa yanavuma. Balansi haiondoi mabonde. Alaimenti inazuia tairi lisiendelee kulika vibaya, lakini lililokwisha kulika hairudishi. Kwa hiyo anayekwambia "yatazoea barabara" anavuta muda tu.

Mvumo wa matairi ya dada ni nusu ya habari. Nusu nyingine ndiyo iliyonitia hasira.

Nilimulika tochi ndani ya mifereji. Kila tairi la gari huwa na vikuta vidogo vya mpira chini ya mifereji mikubwa, sehemu kadhaa kulizunguka. Ukitaka kuvipata, tafuta kwenye bega herufi TWI au kipembetatu kidogo, kisha ufuate usawa huo mpaka mferejini. Kikuta hicho kina kimo cha milimita 1.6, na kashata zikilika mpaka zikalingana nacho, tairi limekwisha. Kwenye matairi mawili ya dada, vikuta vilikuwa vimekatwa. Mfereji umepita katikati yake kama havikuwahi kuwepo. Maana yake ni moja tu: hayo matairi yalikuwa vipara, yakachongwa upya kwa kisu cha moto, yakapakwa dawa ya kung'arisha, yakauzwa kwa mama wa watoto wawili.

Kuchonga tairi si uzushi, kuna matairi ya malori na mabasi yaliyotengenezwa yachongwe, na ubavuni yameandikwa REGROOVABLE. Yana mpira wa ziada chini ya mifereji kwa kazi hiyo. Tairi la gari dogo halina akiba hiyo. Chini ya mfereji umebaki mpira kiduchu, halafu ni nyaya za chuma. Ukichonga hapo unaufikia waya, au unauacha na ngozi nyembamba isiyoweza kuzuia maji wala kokoto. Maji yakiingia waya unashika kutu, unaachana na mpira, na siku moja katika joto na mwendo mkali tairi linafumuka. Hili si suala la kelele tena, ni la uhai.

Mawili yaliyobaki hayakuchongwa, ila ubavuni yameandikwa STUDLESS. Neno hilo lishikeni, kwa sababu matairi hayo yanakuja mengi kutoka Japani. Ni ya majira ya baridi, ya theluji. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, na kashata zake zimejaa mikato myembamba ya kupindapinda. Kwenye lami ya Chalinze saa nane mchana mpira huo unalegea, unalika haraka, unavuma, na breki haishiki inavyotakiwa. Anayewaletea matairi ya theluji Dar es Salaam anajua anachofanya.

Sasa tufike kwenye beringi, kwa sababu sitaki mtu asome hapa kisha adharau beringi iliyokufa kweli. Hiyo nayo inaua. Kinachotakiwa ni kujua ipi ni ipi kabla ya kufungua pochi.

Tafuta barabara nzuri isiyo na magari, ukiwa na mwendo wa 60 hadi 70. Sikiliza lami inapobadilika. Ukitoka kwenye lami ya kokoto kubwa kuingia lami mpya laini na sauti ikabadilika sana, elekeza macho kwenye matairi. Beringi haijali lami, inavuma kotekote. Kisha yumbisha gari kidogo kushoto na kulia, taratibu, kama barabara inaruhusu. Ukikata kushoto uzito unalalia upande wa kulia. Mvumo ukipanda hapo na kushuka ukikata kulia, shuku beringi ya kulia. Kinyume chake, ya kushoto. Mvumo usiposhtuka kwa kona zote mbili, uwezekano mkubwa ni matairi. Weka gia huru gari likiwa linaserereka kwenye njia iliyonyooka. Sauti ikiendelea vilevile, injini umeiondoa kwenye kesi.

Baada ya hapo ndiyo jeki, na gari uliwekee stendi, usiliamini jeki peke yake. Shika tairi mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, ulitikise. Likicheza, beringi au bol-jointi (kiungo cha mviringo kinachoshikilia mguu wa gurudumu) ina maneno. Likicheza ukilishika kushoto na kulia tu, angalia tairodi endi kwanza, yaani ncha ya fimbo ya usukani. Kisha lizungushe kwa mkono huku kiganja kingine kimeshika springi ya shokapu. Beringi mbovu utaisikia kwenye springi, inasaga kama ina mchanga. Kwenye gari lenye ABS (mfumo unaozuia matairi yasigande ukikanyaga breki), beringi iliyochoka pia inaweza kuwasha taa ya ABS, kwa sababu sensa inasoma hapohapo.

Na kipimo kinachomaliza ubishi ni kuhamisha matairi. Ya mbele yapeleke nyuma, ya nyuma yalete mbele, upande uleule (yale yenye mshale wa mzunguko usiyavushe upande wa pili). Toka tena barabarani. Mvumo ukihama, ni tairi, kwa sababu beringi haiwezi kuhama. Kwa dada tulihamisha, mvumo uliokuwa miguuni kwa dereva ukaenda nyuma chini ya watoto. Gharama yake ilikuwa jasho tu. Yule fundi alikuwa na jeki na spana mkononi, angeweza kufanya hivi kabla ya kugusa beringi yoyote. Hakufanya kwa sababu hakuwa anatafuta tatizo.

Tulimfuata tukadai beringi za zamani. Alianza kuzungusha maneno, eti zimetupwa, mwishowe akazitoa kwenye ndoo. IST beringi za mbele zinakaa kwa kubanwa, zinatolewa kwa presi, na mara nyingi zikitolewa zinaachana, kwa hiyo kuizungusha tu mkononi si ushahidi. Unachoangalia ni njia zinapopita gololi. Beringi iliyokufa ina vishimo, mikwaruzo, au rangi ya kahawia na bluu ya kuungua, na grisi yake imekauka au ina kutu. Za dada njia zilikuwa zinang'aa safi, grisi bado mbichi. Beringi nzima zimetolewa, na zilizowekwa zilipigwa nyundo hapo hapo kwenye gereji, mwenyewe aliona. Beringi ya kubanwa ukiiingiza kwa nyundo unaiumiza kabla haijatembea kilomita moja. Majina ya Kijapani kama Koyo, NSK na NTN yanaigwa, hivyo boksi lenye jina hilo peke yake lisikutulize. Nunua mwenyewe kwenye duka linalotoa risiti, na upeleke gari kwa fundi mwenye presi.

Kwa anayetaka mtumba bado, najua hali ya mifuko, simlaumu mtu. Ila tairi liangalie kabla halijafungwa kwenye rimu. Tafuta namba 4 za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi zipo upande mmoja tu, ukizikosa geuza. Ukikuta sehemu hiyo imesuguliwa, liache. Futa mng'aro kwa kitambaa cheupe, uone nyufa zilizofichwa. Mulika vikuta vya mferejini. Mfereji uliochongwa chini yake si sawa, una mawimbi na kingo mbichi kali, na ile mikato myembamba ya kiwandani haipo. Ingiza mkono ndani ya tairi, tafuta viraka na uvimbe. Na kiganja juu ya kashata, kama nilivyosema. Muuzaji anayekukataza kufanya haya, ondoka.

Dai risiti ya EFD. Dada hakupewa, na huyo bwana sasa anasema hamjui. Bado ana ujumbe wa muamala kwenye simu na picha za matairi zenye vikuta vilivyokatwa, tumeviweka pamoja na zile beringi, tunavipeleka Tume ya Ushindani, FCC. Wewe uliyepigwa namna hii, usiyatupe matairi wala usikubali "kuongezea kidogo ubadilishiwe mengine", yataishia kuuzwa kwa mwingine. Yale mawili yaliyochongwa tumeyakata ubavu kwa msumeno baada ya kuyapiga picha.

IST sasa iko kwenye matairi mapya, si ya bei kubwa, na shokapu mbili za nyuma zilizokuwa zinavuja. Kama una tairi unalolitilia shaka, weka picha ya mferejini usawa wa TWI na ya namba za ubavuni, nitaangalia na kukujibu.